Matimba Yako Wapi?

Kaka mmoja aliyetumikia maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Mwakitolyo kwa miaka 6 alikaa mbele ya kompyuta yangu hapa Kahama, nikamwekea SteamWorld Dig. Hakuhitaji kufundishwa. Roboti anachimba kwenda chini, anajaza mfuko, anapanda juu, anauza, ananunua sululu bora, anarudi shimoni. Dakika ya kumi akaweka kidhibiti mezani.

"Mwalimu, matimba yako wapi?"

Nikamweleza kwamba kuta za gemu hii haziporomoki, kwa hiyo hazihitaji magogo ya kuzitegemeza. Kuna mawe machache tu yanayodondoka ukiwa umekula udongo chini yake. Akaguna, akaendelea. Akapanda na mzigo, akauza, akaona fedha zote zimeingia kwa roboti yule yule.

"Haya. Na hapa anagawana na nani?"

Nimeandika kuhusu gemu huru kwa muda mrefu, na sikuwahi kuuliza lolote kati ya maswali hayo mawili. Gemu huru ni zile zinazotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, kwa akili yao na mara nyingi kwa akiba yao, bila kampuni kubwa kuwaamulia kipi kitauzika. Eric Barone aliijenga Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka 4 kabla haijatoka mwaka 2016: msimbo, picha, muziki, hata maneno ya wanakijiji. Ukicheza unamsikia mtu. Nilizoea kuzipima kwa hilo, pamoja na wepesi wa mkono na uzuri wa picha. Baada ya siku ile nimerudi kwenye gemu za uchimbaji moja baada ya nyingine nikiwa na kipimo cha Mwakitolyo, na baadhi ya nilizozisifu zimepungua uzito.

Tuanze na hiyo hiyo SteamWorld Dig. Ilitengenezwa na studio ya Image & Form ya Göteborg, Sweden, ikatoka mwaka 2013. Ina mambo mawili iliyoyapata sawasawa. La kwanza ni mwanga. Taa ya roboti Rusty hufifia kadiri anavyokaa chini, na giza likishamfunika haoni tena jiwe lenye thamani na jiwe bure. Kila safari inakuwa mapatano na taa. Wachimbaji niliowawekea waliinama mbele kwenye kiti taa ilipoanza kupungua. Hawakuambiwa waogope, walijua. Jambo la pili ni mji. Kadiri Rusty anavyouza, mji mdogo wa Tumbleton unapata duka, unapata watu. Aliyeiona Katoro ikipanda kutoka njia panda ya vumbi hadi soko linalolisha nusu ya mkoa wa Geita hahitaji maelezo.

Lakini shimo lenyewe Rusty karithi kwa mjomba wake. Ni lake lote. Hakuna mwenye leseni anayesubiri juu, hakuna aliyetoa dizeli ya pampu, hakuna mpishi wa kambi, hakuna wa kuvuta winchi. Hapo ndipo gemu inapoachana na mgodi, na si hiyo peke yake; karibu gemu zote za aina hii zimefuata njia hiyo.

Niseme mgawo ulivyo, kwa wasomaji walio mbali na ukanda huu unaoanzia Mwadui kwenye almasi, ukapita Mwakitolyo, Mwime na Bulyanhulu, ukafika Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu hadi Geita mjini, ambako mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Kwenye duara la wachimbaji wadogo mtu halipwi mshahara. Mawe yakitoka yanajazwa kwenye viroba, na viroba ndivyo vinavyogawanywa: vya mwenye leseni, vya mwenye duara, vya aliyegharamia chakula na mafuta, vya waliokuwa chini. Kisha kila mmoja anapeleka chake karasha kisagwe, kioshwe kwenye mwalo, na dhahabu ikamatwe kwa zebaki. Viroba 10 vyako na viroba 10 vyangu vinalingana kwa macho tu. Kimoja kinaweza kuwa na dhahabu nyingi kuliko tisa vilivyobaki, na anayejua ni kipi ni yule aliyekishika jiwe lilipovunjika. Hata udongo ukishaoshwa bado haujaisha, kwa sababu marudio, yaani mabaki ya udongo huo, yanabaki na dhahabu ambayo zebaki haikuipata, na mwenye mtambo wa kuchenjua kwa sayanidi anayataka sana. Mchimbaji huondoka na punje yake. Mlima wa marudio mara nyingi hubaki kwa mwenye karasha.

Mtengeneza gemu yeyote mwenye masikio atasikia hapo kitu adimu: siri, imani, hesabu, bahati na jicho, vyote ndani ya mfuko mmoja wa nailoni. Na hakuna gemu niliyocheza iliyougusa mfuko huo.

Motherload ilikaribia. Studio ya XGen ya Edmonton, Kanada, iliitoa mwaka 2004, ikachezwa bure kwenye kivinjari, na vijana wengi wa rika langu tuliifahamu kwenye kompyuta za mikahawa ya intaneti. Unaendesha mtambo kwenye sayari ya Mirihi kwa niaba ya kampuni. Mafuta yanakwisha haraka, kila mita unayoshuka ina gharama ya kupanda, na anayechimba kwa tamaa analipuka huko chini akiwa na mzigo mnono ambao hataufikisha. Bosi, Bwana Natas, anakutumia ujumbe wa kukusifu na bonasi za hapa na pale. Ukifika kina cha mwisho kabisa unamkuta yeye, naye ndiye adui. Ni hadithi ya rangi nzito, bila unyenyekevu wowote, lakini iliuliza mapema swali la shimo ni la nani, na iliuliza kutoka nchi inayolijua: Barrick, inayoendesha Bulyanhulu, ina makao yake Toronto. Teknolojia ya Flash iliyoibeba ilizimwa mwishoni mwa 2020. Natamani ingetengenezwa upya na mtu aliyewahi kuupokea ujumbe wa bosi wa aina hiyo.

Spelunky nimeipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonisumbua zaidi. Derek Yu aliitoa bure mwaka 2008, kisha toleo lililopambwa mwaka 2012. Mapango hupangwa upya kila unapoanza, kwa hiyo huwezi kukariri. Unajifunza tabia ya pango, siyo ramani yake. Ukifa unarudi mwanzo kabisa, mikono mitupu. Ukizubaa zaidi ya dakika 2 na nusu mzimu unatokea kukufuata. Hii ni kazi ya fundi mkubwa. Kila kifo kina sababu unayoweza kuitaja, na sababu hiyo huwa ni wewe.

Hapo ndipo inapogongana na Nyangarata. Oktoba 2015 shimo liliporomoka kwenye machimbo ya Nyangarata, hapa hapa Kahama, na katikati ya Novemba watu 5 wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikula mizizi na wadudu. Mwenzao alifia huko huko wakiwa naye. Mimi siwezi kuicheza Spelunky bila hao kunijia, na sisemi hivyo ili kuilaumu gemu. Yu alitengeneza mchezo wa mashaka na uhodari, na aliufikisha. Nasema hivi: katika Spelunky muda ni adui anayekukimbiza, na kifo ni mlango wa kuanza tena. Nyangarata muda ulikuwa ni kukaa. Kugawana tone la maji, kusikiliza kama juu bado wanachimba, kuamua nani azungumze na nani anyamaze kuokoa pumzi. Gemu huru zimethibitisha mara nyingi kwamba zinaweza kubeba kusubiri na ukimya. Gemu ya aliyefukiwa chini, ichezwe polepole, bila mzimu, bila pointi, itengenezwe kwa ridhaa ya waliopitia, ingekuwa kazi ya heshima. Ingehitaji mkono mwangalifu sana.

Mapango ya Spelunky yanayopangwa upya yana bahati ndani yake, na bahati inanileta kwenye jambo ambalo siwezi kulikwepa nikiandika kutoka hapa. Ukisema neno gemu Kahama, Katoro au Masumbwe, mzazi anasikia kamari. Hana kosa. Kwenye chumba cha gemu kuna mpira na magari, mlango wa pili kuna dubwi linalomeza sarafu, na kwenye simu kuna kile kindege kinachopanda na namba zake mpaka kinapotoweka na dau lako. Nimekiangalia kindege kile kwa jicho la kazi. Kimesanifiwa kwa ustadi: kinamwachia mchezaji kitendo kimoja tu, kutoa fedha kabla hakijatoweka, ili akipoteza ajione alichelewa yeye. Kinaiga hisia ya duara bila duara. Mchimbaji aliyeshinda shimoni wiki nzima akikamata kiroba chake amezoea kusubiri bahati, na kindege kinamkuta tayari amefundwa. Tofauti na Spelunky ni hii: pango la Yu linakulipa kwa ulichojifunza, na ukicheza mara 100 unakuwa mtu mwingine. Kindege ukikicheza mara 100 umejifunza sifuri, kwa kuwa hakuna cha kujifunza, na sehemu ya mwenye mashine imeshakatwa kwenye hesabu kabla hujaweka dau. Hilo linaniuma. Linawaibia vijana fedha, na linaiibia sanaa hii jina lake.

Dome Keeper ndiyo ningempa kijana wa Geita anayetaka kuwa mtengenezaji. Ni kazi ya Bippinbits, studio ndogo sana ya Ujerumani. Ilianza kama mchezo uliobuniwa ndani ya siku chache kwenye shindano la Ludum Dare mwaka 2021, ikatoka kamili Septemba 2022. Unachimba chuma, maji na kobalti chini ya kuba, na kila baada ya muda mfupi wanyama wanakuja kulivunja kuba, lazima uwe umerudi. Mzigo unakupunguza mwendo. Ukifunga mawe mengi nyuma yako unatambaa, ukiyaacha unakuwa mwepesi lakini maskini. Uamuzi mmoja tu, unaorudiwa mara elfu, na hauchoshi. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba imejengwa kwa Godot, injini ya gemu isiyolipiwa chochote, inayokaa kwenye kompyuta ya kawaida na isiyodai mgawo wa mapato yako. Chombo kile kile kilichotumika Ujerumani kinaweza kushushwa Nyarugusu usiku huu kwa bando la kawaida. Kuiweka gemu kwenye duka la Google kunahitaji dola 25 mara moja tu, Steam ni dola 100 kwa kila gemu, itch.io ni bure. Fedha hizo si ndogo kwa kila mtu, lakini ni ndogo kuliko gharama ya kufungua duara.

Kuhusu mgawo, aliyejaribu ni Ghost Ship Games wa Denmark kwenye Deep Rock Galactic, iliyotoka kamili mwaka 2020. Vibete wanne wanashushwa mgodini kwa amri ya kampuni, na kila mmoja anamhitaji mwenzake: mmoja anamulika, mwingine anatoboa, mwingine anaweka kamba. Wakati wa kuondoka wenzake wanaweza kumrudia anayebaki nyuma. Niliwapa wanne kutoka Mwime wacheze, na chumba kizima kilijaa makelele ya kuitana. Kisha yule mmoja aliyezoea kuwa msimamizi akauliza ndoo ya mawe inagawanywaje. Haigawanywi. Jiwe lililoingizwa na mmoja linahesabiwa kwa wote wanne, kamili kwa kila mmoja. Yaani gramu moja inakuwa gramu nne. Watengenezaji walifanya hivyo makusudi ili marafiki wasigombane, na kwa gemu ya kustarehe Ijumaa usiku ni uamuzi wa busara. Lakini hapo tena swali letu limezungukwa badala ya kujibiwa.

Lipo kundi jingine, la gemu zinazotaka kusema jambo. Phone Story ya Paolo Pedercini, Mwitaliano anayefanya kazi kwa jina la Molleindustria, ilitoka Septemba 2011 ikasimulia safari ya simu kutoka mgodi wa koltani Kongo hadi kiwanda cha China, foleni ya wanunuzi na dampo la vifaa chakavu. Apple iliiondoa dukani kwake mara moja. Hoja yake ni ya haki, na ujasiri wa kuiweka ndani ya simu yenyewe naupenda. Lakini kwenye hatua ya Kongo mchezaji ndiye askari anayewatisha watoto wachimbe. Mchimbaji hana jina, hana mzaha, hana mpango. Ni mgongo ulioinama. Nilipowaonyesha vijana wa huku walinyamaza, na mmoja akasema: "Huyu anatuonea huruma tu."

Nalinganisha na Lual Mayen. Yeye ni Msudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 kupata dola 300 za kompyuta mpakato, na kijana alitembea saa 3 kwenda kuichaji. Kwenye Salaam, gemu yake, mchezaji ni mkimbizi mwenyewe, anayekimbia, anayekosea, anayetafuta maji. Kama ufundi, Salaam ni ya kawaida tu. Lakini mkono ulioishika kalamu umetoka ndani, na hilo linabadilisha hata mahali kamera inapowekwa.

Kiswahili nacho kimepata mlango. Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024, inaweza kuchezwa yote kwa sauti za Kiswahili. Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliianzisha baada ya kumpoteza baba yake: kijana Zau anaingia mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe marehemu. Kupigana kwenyewe kunachosha kabla ya mwisho, na kwa kuwa imechapishwa chini ya kampuni kubwa ya EA kuna watakaobisha kuiita huru. Sibishani nao. Nilichokisikia ni msiba ukizungumzwa kwa lugha ninayolilia nayo mimi, kutoka kwenye spika za televisheni. Pungufu ni kwamba inahitaji kompyuta au mashine ya bei, na ukanda huu unacheza kwa simu za Tecno na itel zenye vioo vilivyopasuka pembe.

Basi gemu ya mgawo ingekuwaje? Mfano mmoja unatoka kwa Lucas Pope, ambaye Papers, Please yake ya mwaka 2013 inamweka mchezaji kwenye meza ya ukaguzi mpakani, na jioni analinganisha alichopata na chakula, joto na dawa za familia. Meza moja, mihuri, watu wanaopita. Ikatosha kuwa moja ya gemu nzito nilizowahi kucheza. Sisi tunazo meza zetu. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na pale mzani, bei ya siku na macho ya muuzaji vinakutana kila asubuhi. Kabla ya meza hiyo kuna meza nyingine isiyo rasmi, pembeni ya duara, ambapo viroba vinahesabiwa.

Mfano wa pili uko chini ya mwembe. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Isolo ya Wasukuma nayo ina safu zake 4. Kwenye bao kete unazokula hazitoki mchezoni. Unazigawa tena, moja moja, kwenye mashimo yako. Ni mchezo ambao utajiri wote unabaki ubaoni na ushindi uko kwenye namna ya kuugawa. Watu wa huku wameufikiria mgawo kama mchezo kwa vizazi, na sisi tunaagiza sululu kutoka Göteborg.

Jumamosi iliyopita niliwakusanya wanne, yule kaka wa Mwakitolyo akiwa kati yao, tukaijaribu bila kompyuta. Vizibo 20 vya soda vilikuwa viroba. Chini ya vitatu tulibandika kipande cha karatasi ya dhahabu, na aliyecheza kama mchimbaji pekee ndiye aliyeruhusiwa kuchungulia, mara moja, kabla ya kuchanganya. Mwenye leseni alichagua kwanza, kisha mwenye duara, kisha mfadhili. Kila raundi ilimbidi mwenye duara aamue kama atatoa kizibo kimoja kununua matimba. Asiponunua, tunarusha dadu. Raundi ya kwanza hakununua, akaponea. Ya pili hakununua. Ya tatu mchimbaji akagoma kushuka, na sheria nilizoandika hazikuwa na mgomo ndani yake. Nikawa natafuta kalamu wakati kaka wa Mwakitolyo ananyoosha kidole kuelekea mkono wa mwenzake, uliokuwa umefumba kizibo tangu tulipoanza.